"Nilichukiwa Siku Ile": Rai Kuhusu Neno Chuki na Matumizi Yake

Aghalabu kurasa kama hizi hutumiwa na wenzangu kusahihisha makosa ya watu wengine: watangazaji wa redio, wachoraji wa mabango, waandishi wa magazeti. Leo naomba nafasi ya kusahihisha kosa langu mwenyewe, maadamu ndilo lililonifikisha katika mada ninayonuia kuijadili, yaani neno chuki na kitenzi chake kuchukia.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikijitolea kutafsiri maelezo ya wateja katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria hapa Parklands. Wateja wengi walisimulia mambo yao kwa Kiswahili, mawakili wakahitaji maandishi ya Kiingereza, nami mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili nikadhani kazi hiyo ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Mteja mmoja alikuwa bi mkubwa mzaliwa wa Unguja, aliyeolewa Mombasa zaidi ya miaka 40 iliyopita, na ambaye baada ya kufiwa na mumewe alikuja kukaa kwa bintiye mtaani humu. Palikuwa na mvutano kuhusu kodi ya nyumba aliyoiacha marehemu. Katika maelezo yake alisimulia kwamba siku ya arubaini, mbele ya wageni, shemeji yake alitamka kuwa nyumba ile haimhusu mjane. Kisha akasema: "Nilichukiwa siku ile, lakini nikanyamaza."

Bila kusita hata nukta moja, nikaandika kwamba siku ile watu walimchukia bi mkubwa, naye akakaa kimya. Wakili akaisoma tafsiri yangu, akaona kuwa hapo pana hoja nzito, akaitia katika barua ya madai: kwamba aila ya marehemu ilikuwa na chuki dhidi ya mjane. Barua ikafika Mombasa. Shemeji mtu akaikunjua mbele ya wazee waliokuwa wamekwisha kuanza kulisuluhisha jambo lile, akauliza, "Sisi tulimchukia lini?" Hapakuwa na wa kumjibu, kwa sababu hapakuwa na aliyemchukia. Suluhu iliyokuwa imebakia kutiwa sahihi tu ikakwama kwa miezi mitano.

Bi mkubwa hakusema kwamba alichukiwa na mtu. Alisema kwamba aliudhika. Moyo wake uliingia uchungu, akakereka, akavunjiwa heshima, basi. Mimi, mzaliwa wa Kitale niliyekipata Kiswahili darasani, nilikuwa na kuchukiwa kwa aina moja tu katika kamusi ya kichwa changu.

Hebu tulitazame jambo hili kisarufi, kwa kuwa hapo ndipo nilipojikwaa. Tunafundishwa kwamba kiambishi -w- ni alama ya kauli ya kutendwa, na kwamba penye mtendwa lazima pawe na mtenda, hata kama hatajwi. Kanuni hiyo ni njema lakini haitoshi. Kiswahili kina vitenzi vyenye sura ya kutendwa vinavyobeba maana ya mtu kufikwa na hali fulani. Aliyefiwa hakufanywa afe. Kifo cha mwingine kimemfika yeye. Anayeelewa hatendwi na yeyote; jambo limemwelea. Kuchukiwa kwa bi mkubwa ni wa ukoo huo huo: jambo limemfika, likamkaa vibaya moyoni. Wala si uzushi wa mzee mmoja. Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alikiorodhesha kitenzi kuchukiwa kwa maana hiyo ya kuudhika. Kwa hiyo bi mkubwa alikuwa akisema Kiswahili chenye umri wa miaka zaidi ya 150, nami nikamsikiliza kwa masikio ya mwaka jana.

Nomino chuki nayo ilikuwa na wigo mpana zaidi kuliko tunaoutumia sasa. Kwa wazee wengi wa pwani, mtu wa chuki si lazima awe adui wa mtu. Huenda ni yule mwepesi wa kununa, asiyetaniwa, ambaye akikosewa kidogo huinuka mkekani na kwenda zake. Ni tabia ya kukera, si dhambi ya kuua. Maana hii haijafa kabisa hata katika Kiswahili cha bara, ila imehamia chumba kingine cha nyumba ile ile: siku hizi husema "nimechukizwa", na magazeti yetu huandika kwamba kiongozi fulani "alichukizwa na matamshi" ya mwenzake, bila yeyote kudhani kwamba anamchukia. Kauli ya kutendeshwa ilirithi kazi ya kuudhika, kuchukiwa kukaachiwa uadui peke yake.

Lililonishangaza zaidi nilipoanza kulifuatilia jambo hili ni safari ya neno bughudha. Katika Kiarabu, asili yake ni chuki kali, kinyume cha mapenzi. Likaja kwetu, likapoa. Leo anayesema "usinibughudhi" anamaanisha usinisumbue, na bughudha kwa wengi ni kero ya jirani apigaye muziki usiku. Tuseme basi kwamba maneno haya mawili yalipishana njiani: bughudha lilitoka katika chuki likatua katika usumbufu, na chuki likatoka katika ununaji likapanda hadi katika uadui. Karaha nalo lilibakia katikati. Katika fikihi ya Kiislamu lipo neno la ukoo wake, makuruhu, linalotaja jambo lisilopendeza ingawa halikuharamishwa. Hiyo ni ngazi ya kutopenda iliyowekewa kipimo chake na wanazuoni. Nitairejelea kipimo hicho baadaye kidogo, nitakapofika kwa wanasheria wetu wa siku hizi, ambao hawana cha namna hiyo.

Sasa turudi Nairobi. Sikiliza mazungumzo ndani ya matatu itokayo mjini kuelekea Highridge. Huyu anachukia foleni, yule anachukia baridi ya Julai, mwingine anachukia maharagwe, na wa nyuma kabisa anamchukia bosi wake. Simwoni mkosaji hapo, kwani kila mmoja anasema Kiswahili kilichopitia kwanza katika Kiingereza alichosomea. Lakini tazama tulivyokuwa navyo. Uchafu hutia kinyaa. Foleni hukera au hukirihi. Chakula usichokitaka unakizira, na ukikikataa kwa sababu umekasirishwa na mpishi, hapo umesusa. Aliyekukosea zamani ukamficha moyoni, unamwekea kinyongo. Anayekuonea uchungu kwa ulichonacho ana kijicho, na anayekufanyia uovu kwa kujua, bila yeye kufaidika, ana inda. Wasiopatana hawapikiki chungu kimoja. Na kuna usemi wa Kenya ambao sijauona ukipewa heshima yake katika vitabu: "Ana ubaya na mimi," ama kwa kukanusha, "Sina ubaya na wewe." Usemi huu nautetea. Unautaja ubaya kama kitu kilichokaa baina ya watu wawili, kinachoweza kuondolewa, pasipo kumfanya mmoja wao kuwa mbaya.

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilisahihisha insha za darasa la wanafunzi 43, na sikumbuki ngapi zilikuwa na tashbihi ile maarufu ya kumchukia mtu "kama ukoma". Nilimwuliza mwanafunzi mmoja kama amewahi kumwona mgonjwa wa ukoma. Hajawahi. Je, anauchukia? Akafikiri, akasema anauogopa. Basi hata hiyo tashbihi tunayoitolea alama za mapambo ya lugha haisemi habari za chuki. Inasema habari za woga na za kuepuka, tena inawadhalilisha watu waliougua maradhi ambayo leo yana tiba. Walimu wenzangu, hii tungeistaafisha kesho asubuhi na lugha isipungukiwe na chochote.

Mwanafunzi wa fasihi hana budi kumtaja Shaaban Robert, nami nitamtaja kwa jambo moja tu. Katika Adili na Nduguze, kisa kilichochapishwa mwaka 1952, ndugu wawili wanamtosa baharini ndugu yao aliyewatendea wema. Msomaji wa leo akiulizwa sababu atasema ni chuki. Mwandishi hakusema hivyo. Aliwapa ndugu hao majina, mmoja Hasidi na wa pili Mwivu. Hakutosheka kutuambia kwamba hawampendi Adili. Alitaka tujue kutompenda kwao kunakula chakula gani. Chuki ni jina la moto. Husuda na wivu ni majina ya kuni. Mwandishi anayesema chuki peke yake amekwisha kutuficha nusu ya kisa, na nadhani riwaya nyingi za chipukizi ninazozisoma hukwama papo hapo: mhusika "anajawa na chuki" katika ukurasa wa tatu, na mpaka ukurasa wa mwisho hatujui ilimwingilia mlango gani.

Yote haya yangekuwa mjadala wa wapenzi wa msamiati lau neno lenyewe lisingaliingia katika sheria. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na kifungu chake cha 13 kikaunda kosa ambalo kwa Kiswahili tumezoea kuliita matamshi ya chuki, au kauli za chuki. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Katiba ya 2010 nayo, katika Ibara ya 33, iliyaondoa matamshi hayo katika kinga ya uhuru wa kujieleza. Sasa, sheria hiyo inaeleza chuki ya kikabila kuwa ni nini? Inaeleza kwamba ni chuki dhidi ya kundi la watu linalotambulishwa kwa rangi, kwa uraia, kwa asili au kwa kabila. Kundi limefafanuliwa vyema. Chuki haikufafanuliwa. Imefasiriwa kwa kujirudia yenyewe, kana kwamba kila mtu anaijua. Wanazuoni wa fikihi walitenganisha makuruhu na haramu. Sisi tumeshindwa kutenganisha kuudhika na kutaka mwenzako atoweke.

Pengine utasema kwamba hakimu hufanya kazi yake kwa Kiingereza, kwa hiyo fasili ya Kiswahili haina uzito. Sikubali. Shahidi hasemi Kiingereza. Mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya kesi ana haki ya mkalimani bila malipo chini ya Ibara ya 50, na aghalabu anayekalimani ni karani wa mahakama ambaye hajapata hata juma moja la mafunzo ya tafsiri. Siku shahidi kutoka Kwale au Pemba atakaposema kwamba mshtakiwa "alichukiwa", karani huyo atafanya nini? Atafanya nilivyofanya mimi. Tofauti ni kwamba kosa langu liligharimu miezi mitano ya ukimya katika aila moja, na lake huenda likagharimu miaka 3 ya mtu gerezani.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa uzito zaidi. Chuki inayoua ni nadra kulitaja jina lake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi wakati wa machafuko yale. Neno nililolisikia kwa watu wazima wa kwetu halikuwa chuki. Lilikuwa madoadoa. Kwangu madoadoa yalikuwa ya chui, na ya gauni la Jumapili la dada yangu. Nilishindwa kuelewa kwa nini watu walitaka kuyaondoa, wala kwa nini mama aliposikia neno hilo alifunga dirisha. Ilinichukua miaka kung'amua kwamba madoa yenyewe tulikuwa sisi. Kadhalika nchini Rwanda, kabla ya mauaji ya 1994 na wakati wa mauaji yenyewe, watangazaji hawakuhitaji neno la chuki. Waliwaita watu mende. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao yake Arusha ilitoa hukumu yake juu ya wenye redio na gazeti lililoeneza sumu hiyo mwezi wa Desemba 2003, na yeyote anayejifunza nguvu ya sitiari angefanya vyema kuisoma kabla ya kusoma kitabu chochote cha mitindo.

Ndiyo maana orodha ya maneno iliyotolewa Aprili 2022 na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, kabla ya uchaguzi wa Agosti mwaka huo, ilinivutia na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Humo yamo madoadoa, mende, kwekwe. Sina ugomvi na kuwekwa kwake humo, kwani miezi michache tu kabla ya hapo, Januari 2022, madoadoa yalikuwa yametamkwa jukwaani Eldoret na kuzua tafrani nchi nzima. Lakini limo pia neno la Sheng, hatupangwingwi, ambalo kwa Kiswahili cha kawaida ni "hatupangwi", yaani hatuamuliwi mambo na mtu. Nimeligeuza, nimelipindua, chuki yake sijaiona. Naona ukaidi tu. Neno halichukii. Mkulima wa Cherangani anayesema kwekwe ameangamiza mahindi yake hana kosa, na mwanasiasa mwerevu anayejua orodha hiyo kwa moyo atabuni neno jipya kesho, la upole kabisa. Kinachotakiwa kupimwa ni neno hilo limesemwa na nani, kwa nani, wapi, na mikono ya wasikilizaji ilishika nini.

Kwa sababu hizo naona kwamba uchochezi ni neno bora kuliko matamshi ya chuki. Kuchochea ni kazi ya jikoni. Kila mtu ameiona. Mchochezi husogeza kuni, huondoa majivu, hupuliza. Twaweza kuuliza alisogeza nini na moto uliwaka wapi. Chuki imo moyoni na moyo hauna dirisha. Ukimshtaki mtu kwa chuki yake atakuletea wazee wa kabila jingine waseme anawapenda, na mara nyingi huwaleta kweli, mbele ya kamera. Ukimshtaki kwa kuchochea, mapenzi yake hayana nafasi katika kesi.

Nilipoitoa hoja hii kwa rafiki yangu wa Kitivo cha Sheria, ambacho makazi yake ni hapa hapa Parklands, alinijibu kwa jambo ambalo bado linanitatiza. Alinikumbusha kwamba uchochezi ndilo jina la kosa ambalo serikali ya kikoloni, na baadaye serikali ya chama kimoja, ililitumia kuwafunga wakosoaji wake, hadi vifungu hivyo vilipofutwa mwaka 1997. Wazazi wetu wakisikia uchochezi hawaoni jiko. Wanaona kijikaratasi kilichofichwa chini ya godoro na gari la polisi mlangoni. Neno hilo, alisema, lina damu yake, na huenda waliochagua matamshi ya chuki walikuwa wakilikimbia. Sina jibu kamili. Naweza kusema tu kwamba neno lenye historia mbaya na maana wazi ni afadhali, kwa maoni yangu, kuliko neno safi lisilojulikana linaanzia wapi wala linaishia wapi. Rafiki yangu hakukubali. Tuliachana pale Diamond Plaza tukiwa bado tunabishana, bila ubaya.

Watakaosema kwamba lugha hubadilika na kwamba siwezi kumrudisha Steere kaburini wanasema kweli. Sidai kwamba tuanze tena kusema "nimechukiwa" tukiudhika. Nadai mambo madogo. Kamusi zetu za Nairobi na Dar es Salaam zitaje maana hiyo waziwazi, na pale inapotumika. Kozi za tafsiri na ukalimani katika vyuo vyetu zisitegemee Kiswahili sanifu peke yake, bali zimpeleke mwanafunzi akae na wasemaji wa Kiunguja, Kimvita na Kiamu hata kwa muhula mmoja. Na sisi wanafunzi wa fasihi, ambao tumezoea kuwacheka watangazaji, tuwe wepesi kidogo wa kuuliza.

Suluhu ya aila ile ilitiwa sahihi hatimaye, baada ya barua ya pili kuandikwa kueleza kosa la ile ya kwanza. Kabla ya hapo nilikwenda kwa bi mkubwa kumwomba radhi. Nilimkuta barazani akichambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Nikamweleza nilivyoandika, na yaliyotokana na maandishi hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hata akavua miwani. "Kwani huko chuoni mwafundishwa nini?" akauliza. Sikuwa na la kusema. Nikamwuliza kama sasa, baada ya yote yaliyopita, anamchukia shemejiye.

"Hata!" akasema. "Yeye ndiye aliyechukiwa, kwa hiyo barua yenu."

Nikatoa daftari, nikafungua kalamu. Safari hii nilimwuliza maana yake kwanza, ndipo nikaandika.